Dawati Likishapokelewa

Kabla dawati halijapakiwa kwenye lori, Mzee huita vijana watatu wa karakana, wale wenye miili, akawakalisha juu yake. Wakishakaa huwaambia, "Haya, fanyeni utoto." Basi husukumana kwa mabega, huegemea nyuma kwa nguvu, mmoja husimama juu ya kalio akaruka, mwingine hupanda pale pa kuandikia, ambapo mtoto hukatazwa kukaa na ndipo anapopenda kukaa. Wakati wote huo Mzee ameinama, sikio karibu na kiungo cha mguu wa nyuma. Dawati likitoa mlio, linarudi ndani.

"Dawati la shule halikaliwi, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza nilipomwendea. "Linapandwa kama punda."

Jina lake nalihifadhi, maana mengine aliyoniambia yanawahusu watu waliompa kazi na ambao bado anatarajia wampe nyingine. Tumwite Mzee tu, kama anavyoitwa pale Keko. Mwenyeji wa Dar es Salaam haambiwi Keko ni wapi: makochi yamepangwa hadi barabarani, vitanda vya mninga vinang'aa vanishi, na unga wa mbao umetua juu ya kila kitu, hata kikombe cha chai. Wengi pale wanauza sebule. Mzee anauza madarasa. Kwenye kadi yake ameandika "Mkurugenzi", na ukimtania kuhusu cheo hicho anakujibu kwamba ndiye anayelala na madeni, kwa hiyo cheo ni halali yake.

Useremala aliusoma Ifunda, enzi zile shule za ufundi zilikuwa shule za ufundi kweli. Akaajiriwa kwenye kiwanda cha mbao cha umma, akapanda hadi kusimamia zamu. Miaka ya tisini mashirika yalipoanza kubinafsishwa, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Kiinua mgongo alichopata alikigeuza kuwa mashine mbili, randa na msumeno wa mviringo, badala ya kujenga nyumba kama mkewe alivyotaka. Mashine ya kuchomelea ilikuja baadaye sana, madawati ya fremu ya chuma yalipoanza kushika soko, na hadi leo anaisema kama mtu anavyomsema mkwe asiyempenda lakini anayeleta hela.

Si mtu rahisi. Hasemi "samahani", husema "nimeona". Malipo ya halmashauri yakichelewa, vijana wake nao huchelewa kulipwa, na hilo hulieleza kwa sauti ya juu kana kwamba wao ndio wenye kosa. Aliwahi kufikisha oda wiki tatu baada ya siku iliyoandikwa kwenye mkataba, huku watoto wamekaa sakafuni, kwa sababu tu mbao zilikuwa bado mbichi na hakutaka kuzigusa. Mtu wa manunuzi alimtukana kwenye simu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akakata, akaenda kuzigeuza mbao zake.

Kilichonifanya nirudi kwake mara ya pili na ya tatu ni daftari lake, kubwa, la jalada gumu, lile la kuwekea mahesabu ya duka. Kila oda ina mstari wake: mwaka, shule, idadi, aina ya mbao, unene wa bomba. Upande wa kulia kabisa ametenga safu aliyoipa jina "Yaliyorudi". Humo alikusudia kuandika kila dawati lake lililovunjika, limevunjikia wapi na baada ya muda gani, ili linalofuata alitengeneze vizuri zaidi. Nilipolifungua mara ya kwanza, safu hiyo ilikuwa tupu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

"Kwa hiyo hayavunjiki?" nikamuuliza.

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama mvua inalowesha. "Yanavunjika. Nani aje aniambie?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka kuitazama upya historia ya madawati yetu. Tanzania haijawahi kukosa kampeni ya madawati. Ada ya shule za msingi ilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002, watoto walifurika, na fedha za mpango zikaenda kwenye madarasa na madawati. Muongo mmoja baadaye ikaja ile iliyobatizwa mitaani "chenji ya rada". Kampuni ya Uingereza, BAE Systems, ilikuwa imetuuzia rada ya kuongozea ndege kwa bei iliyozua maswali mengi. Kesi ikaishia mahakamani London mwaka 2010 kwa kampuni kukiri kutotunza vizuri hesabu zake, na pauni milioni 29.5 zikalipwa kwa ajili ya Watanzania. Kwa makubaliano ya mwaka 2012, sehemu kubwa ilikwenda kwenye vitabu vya shule za msingi na iliyobaki kwenye madawati. Sijui nchi nyingine ambayo mtoto wa darasa la pili ameandikia juu ya chenji ya rada.

Kisha 2016. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 ulikuwa umefuta ada za sekondari na michango ya lazima, na Januari shule zikapokea watoto ambao hazikuwa zimewapangia hata pa kukaa. Rais Magufuli akawapa wakuu wa mikoa na wilaya hadi tarehe 30 Juni wahakikishe hakuna mtoto anayekaa chini. Mwezi Aprili Bunge likamkabidhi shilingi bilioni 6 lilizookoa kwa kubana matumizi, na kazi wakapewa Jeshi la Kujenga Taifa na Magereza, lengo likiwa madawati 120,000. Piga hesabu: shilingi elfu 50 kwa dawati. Mwaka 2021 zikaja trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wakati wa UVIKO-19. Madarasa 15,000 yakajengwa kwa miezi michache, yakiwemo 12,000 ya sekondari, kila moja la sekondari kwa shilingi milioni 20 pamoja na viti na meza zake.

Nimeyataja haya bila dharau. Mtu aliyesoma akiwa amekalia tofali, daftari juu ya goti, hawezi kulidharau dawati, na mimi ni mmoja wao. Kampeni zilifanya kazi. Lakini mwaka 2002 tulihesabu upungufu, 2012 tukauhesabu tena, 2016 tukashtuka kana kwamba ni habari mpya. Idadi ya wanafunzi imeongezeka, ndiyo, na hilo linaeleza sehemu ya jambo. Haielezi kwa nini nyuma ya ofisi za walimu wakuu wengi kuna stoo yenye mlima wa vyuma.

Mzee anaukumbuka mwaka 2016 kwa harufu ya paini mbichi. Fedha za Bunge hazikumfikia, ila halmashauri nazo zilikuwa na tarehe ya kutimiza, na kila mwenye randa Keko alipata kazi. Mbao ya inchi moja, ukiipanga kivulini na kuweka vijiti katikati hewa ipite, inataka miezi miwili mitatu ndipo itulie. Agizo lilikuwa na wiki. Malori yalishusha mbao ambazo ukizibana kwa mkono unatoka na unyevu. "Mkuu wa wilaya anaweza kumwamrisha mkurugenzi wa halmashauri," alisema Mzee, "na mkurugenzi akaniamrisha mimi. Mimi nimwamrishe nani? Ubao?" Ubao mbichi ukipigwa msumari leo, ukikauka unasinyaa, tundu linapanuka, msumari unatoka wenyewe. Dawati linapokelewa Juni likiwa imara, na linaanza kucheza Oktoba. Kamati ya mapokezi ilishasaini, ikala soda, ikaondoka.

Mwaka huohuo aliikosa zabuni moja na hajaisahau. Maelezo ya oda yalisema dawati la watoto watatu, fremu ya chuma, kalio na meza vya mbao, rangi. Basi. Bomba liwe na unene gani, hapakuandikwa. Mshindani wake akatumia skwea paipu nyembamba, bei ikashuka, akapewa. Mzee akaenda ofisini na vipande viwili vya bomba mfukoni, kimoja chake, kimoja alichokiokota kwenye karakana ya mwenzake, akavilaza mezani mbele ya ofisa.

"Naomba upime, mheshimiwa."

"Mzee wangu," ofisa akamjibu kwa upole kabisa, "sisi tunahesabu madawati. Hatupimi bomba."

Anaisimulia kama kichekesho. Mimi naiona ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote nilizosikia kuhusu miradi yetu. Ofisa yule hakuwa mla rushwa wala mvivu. Aliulizwa idadi kila Ijumaa, na yeye akatoa idadi. Unene wa bomba hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hapa namweka Mzee kando kidogo, nimtaje mkurugenzi mwingine wa samani, wa mbali. Leslie Julius aliiongoza Hille ya Uingereza, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1906 na Salamon Hille, Myahudi mhamiaji kutoka Urusi, babu wa mke wa Julius. Ilikuwa ikitengeneza samani za mitindo ya kale kwa wenye nacho. Julius na mkewe Rosamind wakaigeuza, wakamkabidhi mbunifu Robin Day michoro, na mwaka 1963 wakatoa kiti cha plastiki kilichofinyangwa kwa polipropilini, chenye miguu ya bomba. Kalibu ya chuma ya kufinyangia kiti kama hicho ni mali ya kufilisi kampuni ikikosewa. Kiti kikaingia sokoni, na mwaka uliofuata tu umbo lake likarekebishwa. Mwaka 1971 ikaja aina ya shule, saizi tano, yenye tundu mgongoni mtoto akibebee. Viti hivyo viliuzwa kwa mamilioni, na mwaka 2009 posta ya Uingereza ikakitolea stempu. Stempu hainivutii sana. Kinachonivutia ni kile kikao, ambacho lazima kilikaliwa, cha kuamua kwamba kitu kilichotugharimu kiasi hiki tukiguse tena. Kikao hicho kinataka mtu aliyebaki na kiti baada ya kukiuza. Kwetu, siku ya makabidhiano utepe unakatwa na kila mmoja anapanda gari lake.

Na hizo saizi! Ulaya wana kiwango kinachoitwa EN 1729 ambacho hupanga viti vya shule kwa namba na rangi: cha njano kina kalio la sentimita 35 kutoka sakafuni, chekundu 38, cha kijani 43, cha buluu 46. Sisi tuna dawati moja. Mtoto wa darasa la kwanza miguu inaning'inia, wa darasa la saba magoti yanagota. Mzee anajua hilo bila kiwango cha Ulaya, ana wajukuu. Safari moja akaamua kwa kichwa chake: ndani ya oda ya madawati themanini akatengeneza ishirini mafupi, kwa bei ileile, akamweleza mwalimu kwamba haya ni ya wadogo. Alipopita pale baada ya muda akayakuta darasa la saba, vijana wamejikunja kama mabuibui. Madawati mapya, aliambiwa, hupewa kwanza darasa la mtihani. Hajarudia tena.

Mwaka 2019 nilikuwa na safari ya kikazi kwenye kata moja ya mkoa wa Pwani, nikakuta kwenye daftari la Mzee kwamba shule ya pale ilichukua madawati yake miaka mitatu nyuma. Nikamwomba twende wote. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nikamkuta amevaa koti.

Mwalimu mkuu, mama wa makamo, alimwamkia, akampa kiti, akaagiza maji ya kunywa. Alipoambiwa huyu ndiye aliyetengeneza madawati, kwanza alifikiri tumekuja kudai. Tulipomweleza tunataka kuona yaliyovunjika alicheka, akachukua funguo.

Stoo ilikuwa chumba cha darasa la zamani kisicho na dari. Fremu zimelaliana hadi usawa wa dirisha, popo juu, mchwa kwenye mbao zilizobaki. Mzee alivua koti. Alizitoa moja moja, nyingine zake, nyingine za wengine, na alizitambua kwa alama ya uchomeleaji kama mtu anavyotambua mwandiko. Nilitegemea aone mabomba membamba ya washindani wake yamepinda afurahi. Yalikuwepo. Lakini fremu zake, zenye bomba nene alilogombania, nazo zilikuwa mle, na zote zilikuwa na ugonjwa mmoja: mguu umekatika chini, vidole vitatu juu ya sakafu.

Alichukua mguu mmoja, akaugonga kwenye kiganja. Kutu ikamwagika kama kahawa ya unga.

"Mwalimu," akauliza, "hapa mnadeki?"

"Kila siku, mzee wangu. Watoto wanamwaga maji, wanasukuma kwa mifagio."

Bomba lilikuwa wazi chini. Maji ya kudeki yaliingia kwa ndani kila siku, yakakaa. Rangi ya nje ilikuwa nzima, inang'aa, huku chuma kinaliwa kutoka tumboni. Karakana nzima ya Keko, kwa miaka yote ile, vijana watatu waliruka juu ya kila dawati, na hakuna aliyewahi kulimwagia maji. Mzee alikaa juu ya fremu iliyopinda, akatoa kalamu. Daftari alikuwa hakulibeba. Aliandika kwenye kiganja.

Nikamuuliza mwalimu kwa nini hakutoa taarifa. Jibu lake nimelitafakari sana. Alisema taarifa ya robo mwaka ina sehemu ya upungufu wa madawati, na kata yao ilishatangazwa mbele ya mgeni rasmi kuwa haina upungufu. Akiandika arobaini yamevunjika, swali la kwanza litakuwa nani kayavunja. Ni rahisi zaidi kuwabananisha watoto wanne wanne na kufunga stoo. Na fedha ya kutengeneza iko wapi? Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi elfu 10 kwa mwaka. Elfu 4 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, elfu 6 ndiyo inayoshuka shuleni. Shule ya watoto 700 inapata milioni 4.2, yaani laki tatu na nusu kwa mwezi, na humo mna chaki, karatasi za mitihani, michezo, bomba la choo lililopasuka. Zamani angeita wazazi, kila mmoja atoe kidogo, fundi wa kijijini aje. Waraka ulioondoa michango ulimwondolea mzazi mzigo, na ni haki. Nyundo ya shule nayo ilikwenda humohumo.

Nisimfanye Mzee mtakatifu. Aliporudi mjini alikasirika wiki nzima, akawalaumu walimu, maji, watoto, hata mimi niliyempeleka. Kisha akamtuma kijana wake na jenereta na mashine ya kuchomelea. Kati ya fremu zilizokuwa stoo, thelathini na moja zilirudi darasani ndani ya siku tatu, kwa gharama isiyofika nusu ya kununua mapya. Nusu ya gharama hiyo alilipa mwalimu kutoka mahali nisipopataja, nusu bado anadaiwa.

Madawati yanayotoka Keko siku hizi yamezibwa miguu kwa kisahani cha chuma, kinachoongeza gharama ambayo hakuna oda inayomtaka aitoe. Chini ya kalio, mahali mtoto anapobandika bazoka, vijana huandika kwa rangi nyeupe mwezi, mwaka na namba ya simu ya karakana. Mpaka naandika haya amepigiwa simu nne kwa namba hiyo. Tatu zilitoka kwa watu waliouliza bei ya madawati mapya. Ya nne ilikuwa ya mwalimu aliyesema dawati moja limeanza kucheza upande wa dirishani, akauliza kama anaweza kulikaza mwenyewe. Mzee alimwambia asubiri kwenye simu, akaenda kuchukua daftari.